Mwalimu wa Namalwa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Siku mbaya. Jamleck, msimamizi wetu hapa mjengoni Spring Valley, ametukusanya kabla ya chai. Ametangaza kwamba kuanzia Oktoba fundi ni yule mwenye cheti cha serikali. Asiye na cheti atakuwa mtu wa mkono. Yaani atachanganya simiti, atabeba mawe na kumwita mwingine fundi. Mimi! Miaka kumi na tisa nimejenga Nairobi hii. Watu wamehamia kwenye kuta zangu, wakazaa, wakahama, kuta bado zimesimama.

Ngui hakungoja hata tangazo liishe. Huyu ni fundi mwenzangu, tunajenga ukuta mmoja kutoka pande mbili, na hatupendani. Akasema kwa sauti kwamba Shem atamfaa sana kama mtu wake wa mkono, maana mgongo ninao, kichwa tu ndicho kinachosumbua. Watu wakacheka. Na yeye hana cheti! Ila amejiandikisha kwa mtihani wa cheti hicho, wa tarehe kumi na tatu.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema mimi cheti ninacho tangu zamani, kiko nyumbani Vihiga. Jamleck akasema vizuri sana mzee, nikilete.

Nashukuru hakusema nikilete leo.

Jumanne, 2 Septemba

Nimempigia mke wangu Lornah asubuhi. Nikampa namba ya Jamleck, nikamwomba amweleze kwamba cheti changu kimeliwa na mchwa. Akaniuliza, cheti gani hicho, Baba Ivyne? Nikamwambia asiingie ndani sana, aseme mchwa tu. Akajibu kwamba yeye ni mwimbaji wa kwaya ya kina mama na hawezi kuwasingizia mchwa.

Lakini ana moyo mzuri, Lornah. Amepekua sanduku lote. Cheti alichokipata amekipiga picha na kumtumia Jamleck moja kwa moja ili kunisaidia.

Cheti cha ubatizo. Mwaka 1986.

Jamleck ameizungusha simu mjengo mzima. Akasema hiki kinaonyesha kwamba mbinguni nitaingia, ila kwa ukuta wa Spring Valley hakitoshi. Ngui akauliza kama kwenye ubatizo walinipima kwa timazi. Nilitaka kuzama kwenye kokoto.

Hata hivyo Jamleck hakunifukuza, na haki ya kunifukuza alikuwa nayo. Amepiga simu kwenye chuo cha ufundi na kuniandikisha kwa mtihani yeye mwenyewe. Namshukuru. Mungu ambariki na ng'ombe zake huko Meru.

Sasa shida iliyobaki. Daftari, usimwambie mtu. Mtihani una ramani ya nyumba, na mimi ramani sijui kuisoma. Shule niliacha darasa la sita. Miaka yote hii nimekuwa nikitazama fundi wa kona ya pili anafanya nini, kisha nafanya vilevile lakini kwa kujiamini zaidi.

Jumatano, 3 Septemba

Mpango umepatikana! Na ni mzuri.

Yuko mtu wa mkono hapa anayeitwa Namalwa, wa Bungoma, anachanganya simiti. Ana miaka ishirini na saba. Jioni huenda darasani, na mtihani atafanya siku moja na sisi. Saa ya chakula hula githeri, mahindi na maharagwe, kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika ramani. Anajua yote. Lakini fundi wa miaka kumi na tisa atamwulizaje mtu wa mkono? Haijawahi kuonekana. Ngui angetunga wimbo.

Basi sikumwuliza. Nimejitolea kuwa mwalimu wake! Nimemwambia nimeona juhudi zake, nimeguswa, na kila saa ya chakula nitamsaidia. Yeye aeleze, mimi nisikilize makosa. Akasema haya, asante mwalimu.

Leo ameeleza jinsi mlango unavyochorwa. Kumbe ule mstari uliopinda kama kipande cha chapati ni njia ya mlango ukifunguka! Nilidhani ni pambo. Nikasema "mmh" mara tisa, kwa uzito tofauti.

Ijumaa, 5 Septemba

Darasa la tatu. Namalwa alifika kwenye mistari ya vidoti, akaniuliza mimi mwalimu nasemaje. Mtego! Nikasema hapo kalamu ya mchoraji ilikuwa inaisha wino. Akatafuna githeri polepole. Akasema kwao darasani waliambiwa ni kitu kilicho juu ya kichwa, kama ukingo wa paa, si kitu cha kujengwa chini. Nikasema safi sana, nilikuwa nakupima.

Moyoni nilipata jasho. Mwaka 2014 kule Jamhuri nilijenga mstari wa vidoti. Kozi tatu, yaani safu tatu za mawe, nje ya nyumba, kuizunguka nyumba nzima. Mwenye nyumba alipouliza ni nini hicho, nikasema ni mahali pa maua. Akapanda maua. Mpaka leo kila Krismasi ananitumia salamu, anasema hakuna fundi mwingine aliyewahi kumfikiria hivyo.

Kumbe nilijenga kivuli cha paa. Nashukuru yule mama anapenda maua.

Baadaye tukafika kwenye kupata kona skwea, ile iliyonyooka bila kupinda. Hii naijua! Futi tatu upande huu, nne upande ule, tano ukikatiza kati kutoka ncha hadi ncha, kona imekaa. Nikaeleza mimi, kwa mara ya kwanza. Namalwa akasema sawa, na mita je? Nikasema mita ni za nyumba kubwa za mabalozi, kona zao ni tofauti. Akainuka, akachukua beleshi lake, akapima chini kwa mpini. Mipini mitatu, mipini minne. Katikati ikaja mitano kamili. Akasema unaweza kutumia futi, mita, beleshi, hata punje za githeri ukizipanga moja moja. Kona haijali unapima na nini.

Nilisahau kusema "mmh".

Jumapili, 7 Septemba

Sikuliamini beleshi. Asubuhi, nikisubiri ibada ya pili, nimeingia kwenye uwanja mtupu ulio karibu na chumba changu hapa Dagoretti, pembeni ya kanisa. Nikachomeka vigingi, nikavuta kamba. Nikapima kwa hatua zangu: tatu, nne. Tano! Kwa kiatu: tatu, nne. Tano! Nikapiga kelele ya furaha peke yangu.

Nikageuka. Wamama kumi na watatu wamenizunguka.

Mbele yao mwenyekiti wao, Mama Waithera, mwenye miavuli miwili, mmoja wa jua na mmoja wa watu kama mimi. Akauliza ni nani amenituma kupima uwanja wa kanisa. Akasema wanyakuzi wa ardhi walishakuja na suti, wakaja na gari, sasa wanakuja na viatu vilivyotoboka. Mwingine akasema tumshike kamba yake. Wakaishika. Nikasema mama, mimi sinyakui, nasoma. Akauliza nasoma nini kwenye nyasi. Nikasema mtihani. Akanitazama mvi zangu. Akacheka mpaka mwavuli ukaanguka, akawaambia wenzake waniachilie, yule ni mwanafunzi.

Kumbe yeye mwenyewe ana miaka sitini na nane na yuko ngumbaru, darasa la watu wazima, kila Jumanne na Alhamisi. Amesema mwaka jana alikuwa anasaini kwa kidole gumba, mwaka huu amesoma mwenyewe barua ya mkwe wake na kugundua kwamba wajukuu walikuwa wanamsomea visivyo. Hakuna salamu yoyote iliyokuwemo. Mkwe alikuwa anaomba mbuzi arudishwe!

Nikawapimia kona za jiko lao jipya, nusu saa hivi. Zilikuwa zimepinda kuelekea upande wa Ngong. Wamenipa chai ya maziwa na ngumu tatu, yale maandazi yao magumu, na wameniombea kwa jina. Ni watu wa kabila lingine, sijui hata lugha yao, na wameniombea mimi wa Vihiga. Nimerudi chumbani nikiwa nimeshiba kila mahali.

Jumanne, 9 Septemba

Msiba. Ngui ameomba kujiunga na darasa. Amesema kwa adabu kabisa, mwalimu Shem, nami nifundishe. Sikupata sababu ya kukataa. Nimemwambia karo ni chapati moja kwa siku.

Kisha nikaona nafasi. Akifeli Ngui, nani atacheka? Namalwa alipokwenda kunawa, nikamnong'oneza Ngui kwamba mistari ya vidoti ni ukuta, ajenge bila kuogopa. Akaandika! Nikaona fahari.

Namalwa akarudi, akasoma daftari la Ngui, akauliza nani amesema haya. Nikatazama mawingu. Ngui akaniangalia, akasema amejichanganya mwenyewe tu.

Amenifichia, Ngui. Sijui kwa nini. Chapati yake nimeimeza kwa shida. Nimeimeza yote, lakini kwa shida.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku mbili zimebaki. Namalwa ametuuliza maswali sisi wote wawili, eti ili mwalimu aone maendeleo ya darasa. Ngui amepata saba kwa kumi. Mimi nimepata nane. Nimewakumbusha kwamba mwalimu hapewi alama.

Mpango wa Jumamosi uko tayari: nitakaa nyuma ya Namalwa. Ana shingo fupi. Nitaona kila kitu.

Jumamosi, 13 Septemba

Chuo kiko karibu na Jamhuri. Nimetembea, nimefika wa kwanza. Wakatugawa uwanjani kwa namba. Namalwa amepelekwa uwanja wa chini, Ngui naye huko. Mimi uwanja wa juu. Peke yangu! Nyuma ya mwanamume mrefu wa Kitui ambaye karatasi yake ilikuwa nyeupe kuliko shati lake.

Nikaona Oktoba yote: mimi nimebeba jiwe, Ngui ananiambia leta lingine, mzee. Nikamwona Lornah akiwaambia majirani kwamba Baba Ivyne bado ni fundi, naye anajua si kweli.

Mtahini ni mama anayeitwa Virginia, sauti ya chini, kalamu nyekundu. Akanipa ramani. Mistari ya vidoti. Na ghafla nikasikia Namalwa anaongea, na githeri mdomoni: kitu kilicho juu ya kichwa. Nikaandika. Mlango: kipande cha chapati. Nikaandika. Kila swali, namsikia. Mtahini akanipeleka kwenye kona, akaninyima tepu kusudi, akasema nipate skwea. Nikachukua beleshi! Mipini mitatu, mipini minne, mitano. Mama Virginia akauliza nani alinifundisha hiyo. Nikasema mimi ndiye mwalimu.

Naandika ukweli hapa: nimemwibia Namalwa majibu yote akiwa uwanja mwingine kabisa. Hakuna msimamizi ambaye angenishika. Naona huu ndio wizi bora zaidi ambao nimewahi kufanya.

Jumatano, 24 Septemba

Tumepita! Jamleck amesoma majina kabla ya chai. Namalwa wa kwanza katika kituo kizima. Mimi nimepita. Ngui amepita, alama mbili nyuma yangu, na nimezitaja mara nne tu.

Namalwa kuanzia kesho ni fundi. Jamleck akamwambia aseme neno. Akasimama juu ya mfuko wa simiti, akasema darasani alikuwa anakariri tu, lakini kila siku kumweleza mtu mzima anayekuna kichwa ndiko kulikomfanya aelewe. Akasema asante mwalimu Shem. Watu wakalipuka kwa kicheko, Ngui akapiga makofi kuliko wote, akanishika bega.

Macho yangu yaliingiwa na vumbi. Nimempigia Lornah. Akaniimbia ubeti mmoja palepale kwenye simu. Asante Mungu kwa wote hawa. Sikustahili hata mmoja.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimetafakari siku mbili na jambo limenikaa wazi. Wanafunzi wawili nilichukua, wawili wamepita, mmoja akawa wa kwanza. Si bahati hiyo. Ni kipaji. Nimeishi miaka arobaini na sita bila kujua kwamba mimi ni mwalimu.

Leo Jamleck ametangaza tena. Mwakani anatafuta msaidizi wake, lakini awe anajua kuchora ramani kwa kompyuta. Kabla hajafunga mdomo nimenyoosha mkono, nikasema hiyo naijua vizuri. Ngui ameziba uso kwa kofia.

Kompyuta sijawahi kuigusa. Lakini kule kwenye ofisi ya mabati yuko msichana anaitwa Kaluki, anachora nyumba kwenye kioo cha kompyuta siku nzima, kimya, bila mtu wa kumsikiliza makosa. Nimepita dirishani mara tatu nikimtazama. Namwonea huruma sana. Kazi yote hiyo, na hana mwalimu.