Kiti cha Nane cha Marehemu Hakilipiwi

Mtaa wa Mulberry,
Osgood, Nebraska.
Alhamisi, 14 Novemba

Kwa Mheshimiwa Keith Rademacher,
Mkurugenzi wa Michezo, Chuo Kikuu cha Osgood.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni Arlene Pospisil, yule mama wa jikoni aliyekupakulia chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini miaka minne, ulipokuwa hujui hata kufua soksi. Sikukumbushi ili uone haya. Nakukumbusha ili usome mpaka mwisho.

Barua yako nimeipata. Unasema uwanja wa timu yetu ya Makorongo utapanuliwa, mabenchi yang'olewe, viwekwe viti vyenye mikono, na kila mwenye kiti cha msimu achangie. Asiyechangia, kiti chake apewe mwingine. Mimi ninavyo viwili, safu ya thelathini na moja. Cha saba ni changu. Cha nane ni cha marehemu mume wangu, Milo, na tangu tumzike mwaka juzi nakiwekea kofia yake kila Jumamosi ya mechi. Cha saba nitakilipia. Cha nane sikilipii, na sikitoi ng'o. Sababu zangu ni hizi:

1. Mchango ni wa kuongeza vyoo na vibanda vya vyakula. Milo haendi chooni. Hata alipokuwa hai alikuwa akijizuia mpaka mechi iishe, daktari wake anajua. Kwa haki, ninyi ndio mnaodaiwa naye.

2. Unasema walipe wapenzi wa timu. Tumeshalipa. Miaka kumi na moja hatujashinda mechi ya kuwakaribisha wahitimu. Milo alianguka palepale benchini, vijana wakiwa wamebakiza yadi moja kuufikisha mpira mstari wa mwisho, na wakaipoteza hiyo yadi. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Yeye aliutoa, sasa mnataka nini tena?

3. Basi walipe wasioupenda huu mpira wetu wa Kimarekani. Jirani yangu Profesa Lindqvist hajawahi kukanyaga uwanjani. Kila Jumamosi sisi sote tukiwa kule, yeye anabaki na mji mzima peke yake: barabara, maktaba, foleni ya duka hakuna. Nilimuuliza nikiwa uani kwangu kama anadhani vitu hivyo ni vya bure. Akanijibu, "Mama Arlene, mimi najisomea tu." Naam, anajisomea kwa utulivu ulioletwa na nani? Apelekewe ankara.

4. Akishindwa, walipe wanaotufunga. Chuo cha Fallon kimekuja hapa mara tano kikaondoka kinaimba. Mtu akichekeshwa kwenye sarakasi hulipa mlangoni.

5. Mnasema kiti kitupu ni hasara, tena mnatuambia asiyekuwapo na lake halipo. Lakini Milo ana kofia yake pale. Haitukani mwamuzi, haisimami mbele za watu. Muulize Clyde Torkelson wa kiti cha tisa, yule mgane anayeuza mbegu za mahindi. Ni mtu wa kero, ananuka dawa ya kuchua viungo, na mdomo wake hauna mapumziko. Lakini alisema mbele ya safu nzima, "Arlene, hiyo kofia inaujua mpira kuliko kocha." Hapo nilimkubalia.

6. Nikikitoa, mtu atakaa pale. Benchi unalijua, Keith. Kila mmoja kapewa upana wa sahani, na Novemba watu wanavaa makoti mawili, hukai mpaka jirani akusogelee. Miaka thelathini na minane niliegemea bega moja tu. Siwezi kuegemewa na mgeni. Hilo ndilo neno lenyewe, mengine nimeyatanguliza ili lisije peke yake.

Kwa hiyo naomba kiti cha nane kiandikwe mali ya marehemu, na kisiguswe hata mkipanua uwanja mpaka mtoni. Ukikataa, nitakuja kukaa ofisini kwako na kofia, tukusubiri wote wawili.

Nisalimie mkeo Tammy, wapishi wa bwenini, na wafyeka nyasi wa uwanja. Kocha naye msalimie, ingawa hastahili.

Ni mimi mama yako wa chili,
Arlene Pospisil

N.B. Barua hii sijaiposti bado. Leo ni Jumapili. Jana ilinyesha mvua ya barafu, na Clyde alikuja na blanketi moja na chupa ya chai. Blanketi halikutosha kuivuka kofia. Basi tukaitia kofia kwenye mfuko wa nailoni, tukaihamishia kiti cha tisa, na Clyde akasogea cha nane. Tumefungwa arobaini na moja kwa tatu, na sikujua saa zimekwenda wapi. Hundi ya kiti cha nane imo humu ndani, sahihi ni ya Clyde. Kisicholipiwa sasa ni cha tisa, kwa sababu zilezile, isipokuwa ya sita. Na hivyo viti vyenye mikono, mwanangu, nakuomba visifike safu ya thelathini na moja.