Masanduku Manane ya Kurudia Kwetu

Jumatatu, 4 Machi

Miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa tangu nitoke kwetu. Leo alfajiri upepo umeuangusha mkaratusi wa uani. Umelala juu ya baraza la mwenye nyumba wangu, pale pale anaposhonea. Paa limekunjika kama karatasi. Cherehani haina hata mkwaruzo. Hakuna aliyeumia. Nimeshukuru kwa lugha zote ninazozijua, mbili na nusu.

Mwenye nyumba ni mjane. Huniita kaka tangu siku nilipofika na begi moja, akaniuliza kama nimekula. Sasa ana sare za shule mia moja na ishirini za kushona, na anakadiria mvua zitaanza baada ya wiki moja tu. Kikoridoni, alikoihamishia cherehani, hakuna mwanga wa kushonea wala nafasi ya kukatia kitambaa. Amesema: gogo lako, kaka, ila kwanza nipatie boriti mbili za mita tano za kushikilia paa. Nikasema asijali.

Gogo lina karibu mita sita. Boriti mbili! Na mbao za kubaki! Nikaanza kupiga hesabu zangu. Vitabu mia nne na kumi na viwili. Masanduku manane. Mwaka huu narudi kwetu. Husema hivyo kila mwaka, lakini miaka mingine sikuwa na mbao.

Jumanne, 5 Machi

Jirani, seremala mstaafu tunayemwita Pima-Tena, amekuja kuliangalia gogo. Amelipima. Amelipima tena. Ana chenso, msumeno wake wa injini, ana fremu ya kuishikilia isiyumbe, ana ngazi nyoofu ya kufunga juu ya gogo ili mkato wa kwanza usiende upande. Atalipasua Jumamosi. Kwa nini si kesho? Kesho ana kliniki ya macho. Isitoshe, mnyororo uliomo kwenye chenso ni wa kukata mti kwa kukingama. Wa kupasulia mbao kwa urefu bado anaunoa. Nisiguse kitu. "Profesa, gogo si kitabu. Ukikosea huwezi kurudi ukurasa wa nyuma."

Ananiita Profesa mwaka wa ishirini huu. Sijawahi kuwa profesa. Nilikuwa karani wa maktaba. Lakini nimesoma kitabu kizima kuhusu kupasua mbao, isipokuwa sura ya tatu, iliyoliwa na mchwa. Nina hakika haikuwa na jambo la maana.

Jumatano, 6 Machi

Fundi kaenda kliniki. Nimemwambia shemeji, mke wake, kwamba mimi na mumewe tumekubaliana. (Tumekubaliana mambo mengi kwa miaka ishirini. Sikutaja lipi.) Akanipa chenso na chupa ya chai. Mwanamke mwema. Nashukuru na kuona aibu, kwa mpangilio huo.

Gogo halisogei. Nimelisukuma kwa mabega, kwa mgongo, kwa hasira. Halafu likanijia wazo! Kata vipande kwanza, pasua baadaye! Nikapima kwa mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole, kama walivyopima maseremala wa kwetu: mikono miwili na shibiri, urefu kamili wa sanduku la vitabu. Vipande vitano. Vinabingirika kama mapipa. Nimeimba.

Saa kumi jioni, nikinywa chai ya shemeji, nimekumbuka boriti za mita tano.

Sentensi hiyo nimeiandika kwa herufi ndogo.

Nimevipanga vipande kichwa kwa kichwa, nikavifunika kwa turubai. Ukisimama barazani, ni gogo zima. Mwenye nyumba amepita, akalipapasa juu ya turubai kama anayempapasa ng'ombe mwenye mimba, akasema Mungu aniweke. Nikasema amina.

Alhamisi, 7 Machi

Jana, kabla ya kurudisha chenso, nilijaribu kupasua ubao mmoja. Moshi mwingi. Upande mmoja una unene wa kamusi, mwingine wa bahasha. Asubuhi hii nimeukuta umejikunja kama upinde. Mkaratusi una kinyongo: ukiufungua tu, unatoa hasira za miaka yote. Nimeuficha chini ya kitanda. Unaninyanyulia godoro.

Mdogo wangu amepiga simu kutoka kwetu. Nimemwambia narudi. Amefurahi sana, kisha akasema basi itabidi wawahamishe kuku. Kuku gani? Wa chumbani kwangu. Kumi na wawili, na wanataga vizuri. Akauliza huku nani ananichemshia chai nikiumwa. Mwenye nyumba. Na mwaka ule nilipovunjika mguu, nani alinipeleka hospitali? Fundi, kwa mkokoteni, akinitukana njia nzima. "Haya, kaka," akasema mdogo wangu. "Tutawahamisha. Ukitaka."

Jumamosi, 9 Machi

Pima-Tena amekuja na ngazi, fremu na mnyororo ulionolewa. Nilijaribu kuumwa. Haikusaidia. Akavuta turubai. Akapima. Hakupima tena. Miaka yote nimemcheka kwa kupima mara mbili; leo ningempa chochote apime ya pili.

Mwenye nyumba akatoka, futi shingoni. Akauliza nilitaka kufanya nini. Masanduku. Ya nini? Ya vitabu. Viende wapi? Kwetu. Akasema, "Aa. Mwaka huu tena." Akarudi kikoridoni alikoibana cherehani, akaendelea kushona. Angenitukana ningepona. Nimeisikiliza cherehani ikikimbia kama mtu asiyetaka mazungumzo.

Fundi alikaa juu ya kipande kimoja nusu saa nzima, akinitazama kama jino bovu. Kisha akainuka. "Shika ngazi, Profesa. Usishike kitu kingine."

Jumapili, 10 Machi

Huyu mtu ni hodari, na inaniuma kuandika hivyo. Amepasua vipande vyote kuwa vibao vifupi, vimenyooka kama mistari ya daftari. Kisha akavipandanisha tabaka tatu, viungio visikutane, kama matofali ukutani. Boriti mbili ndefu, zimetengenezwa kwa vipande vifupi! Chini yake nguzo mbili za ziada, kutoka kwenye matawi manene. Anasema lazima tupigilie leo leo, kwa sababu mkaratusi ukishakauka msumari hauingii. Nikamwambia kumbe haraka yangu ilikuwa na faida. Akanipa ufagio.

Vumbi la mbao liko masikioni, mifukoni, kwenye chai. Fundi amefanya kazi kutwa na jicho moja jekundu la dawa. Shemeji alileta chai ya watu wote, nami nikiwemo, ingawa sasa anajua nilimdanganya. Alinimiminia kikombe kilichopasuka mkono. Ni haki yangu. Kila mtu hapa ana sababu ya kunifukuza, na kila mtu ananiuliza kama nimekula.

Jumatatu, 11 Machi

Bati la mwisho limepigiliwa saa mbili asubuhi. Mvua imeanza saa tatu. Tumesimama wote chini ya paa tukiangalia juu. Hata tone! Cherehani imerudi mahali pake.

Mwenye nyumba akaitazama boriti mojawapo na viungio vyake. Akasema inafanana na suruali yenye viraka, naye ameshona viraka vingi, vinadumu kuliko suruali yenyewe. Kisha akauliza mbao zilizobaki tutazifanyia nini. Nikafungua mdomo. Labda masanduku mawili tu...

Rafu, akasema. Hapa ukutani. Wateja wakisubiri hunikodolea macho mikononi, afadhali wasome. "Na vitabu vyako, kaka, viko kwenye maboksi tangu vilipoingia humu. Vimechoka kukaa kama wasafiri."

Nimeingia ndani kidogo. Vumbi la mbao machoni.

Alhamisi, 14 Machi

Miaka thelathini na moja, miezi minne na siku kumi na tisa. Vitabu vyote viko barazani. Rafu moja imejipinda, ile ya ubao wangu. Nimeikalisha kamusi mahali palipobenuka. Sare tisini zimekwisha. Mteja mmoja ameondoka na kitabu bila kuniuliza. Nimefurahi siku nzima.

Asubuhi nilimpigia mdogo wangu nikamwambia kuku wasisumbuliwe. Akacheka, kisha akalia kidogo, nami hivyo hivyo. Tukamalizia kwa kuulizana habari za mvua.

Jioni nimepita kwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Msonobari wake umeinama kuelekea jikoni, anaogopa. Nimeupima kwa mkono, nikiwa mbali. Unatosha meza ya kukatia nguo ya mwenye nyumba, kitanda cha Fundi na shemeji, na kabati. Zawadi! Ya kuwashtukiza! Nimemwambia mwalimu asijali, aniachie mimi. Pima-Tena ana kliniki tena Jumatano, na chenso naijua ilipo.

Sitarudi kwetu.