Mota za Seli na Kamati Zangu Mbili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Waheshimiwa wakuu wa idara, wasaidizi wao na wanaokaimu usaidizi. Ninyi mlioingia kukwepa mvua mkaona viti. Na kwa unyenyekevu wa pekee, mama mkwe wangu, shikamoo mama, uliyeapa kwamba usipoiona kazi yangu kwa macho leo, unaondoka na mwanao, mke wangu. (Makofi. Mama mkwe hapigi.)

Ndani ya seli za miili yetu, wadau wenzangu, mna vijiti vyembamba kuliko unywele, na mna mota za molekuli zinazovikamata, zinavivuta hatua moja, zinaachia, zinakamata tena, bila posho ya kikao. (Vicheko.) Nami, kama mkurugenzi wenu, katika muktadha mpana wa dira ya taasisi hii, nilitamka kwamba tutaunda modeli ya kihisabati, ndani ya kompyuta, itakayotabiri kijiti kitafika wapi, na kwa uongozi wangu utekelezaji umefikia asilimia tisini na nane! (Makofi.)

Kwa kuwa watu wa biolojia walitaka kuanza na hadubini, na watu wa hisabati kuanza na milinganyo, niliunda kamati mbili zenye wajumbe sawa na viti vya kuzunguka sawa, moja ivute huku na nyingine kule, pasiwe na manung'uniko. Na wamevuta kweli! Ndipo bingwa wetu wa hisabati akanichorea ubaoni kwamba mota za nguvu sawa zikivuta pande mbili, kijiti hutikisika pale pale. Nikampongeza, nikamuuliza ameyaona hayo kwenye seli gani.

"Ofisini kwako, bosi," akasema. (Vicheko virefu.)

(Mama mkwe asimama: "Baba, maneno tumeshiba. Funua hicho kitambaa nyuma yako tuione hiyo modeli." Anakifunua mwenyewe. Ukuta mtupu.)

Naam. Ukuta huo umepakwa rangi kwa viwango vya kimataifa. Mota hoyee! (Kimya.) Kamati hoyee! (Kamati zote mbili: "Hoyee!") Asanteni sana kwa kuja kuzindua modeli ambayo hakuna aliyeandika hata mstari wake wa kwanza, asilimia zile zilikuwa za vikao. Naona aibu, jamani. Mama, mwachie mkono mke wangu, nampenda. (Mama mkwe avuta mkono wa kulia. Mkurugenzi ashuka jukwaani, avuta wa kushoto. Mke atikisika pale pale.)

Bingwa! Lete chaki! Data tumeipata!