Kipima Hasadi cha Mlandege

Ridhwan Mmanga alikuwa na kanuni moja tu maishani: kinachotupwa na mwenye akili huokotwa na mwenye akili zaidi. Ndiyo maana asubuhi ile alipomwona Bi Savita amesimama nje ya duka lake pale mtaani Mlandege, amezungukwa na makatuni, hakupita. Alisimama, akavua kofia, akavaa uso wa msiba.

Duka la Bi Savita lilikuwa la vitu vya kuchezea watoto, na alikuwa nalo kwa miaka arubaini. Sasa nyumba yenyewe ilikuwa imeingia ufa tangu paani mpaka chini, na mwenye nyumba alikwisha kumwambia atoke kabla haijamwangukia. Ndani ya makatuni yale mlikuwa na mali iliyokosa mnunuzi tangu zama za kaseti: dubu wa bati wanaopiga ngoma, wanasesere wanaosema "mama", magari ya polisi yenye ving'ora, na vigari vyekundu vya rimoti.

"Shikamoo, Bi Savita."

"Marahaba, mwanangu. Nnatafuta pa kuviweka hivi, sijapata."

"Usiviweke." Ridhwan akashusha sauti. "Mie fundi, nnakwambia kwa kukupenda. Betri za zamani hizo, zikipata jua zinaripuka. Juzi kuna mtu Nungwi kapoteza nyusi zote mbili."

"Nyusi?"

"Mpaka leo akishangaa, hujui kama kashangaa."

Bi Savita akasogea hatua moja nyuma. "Basi nifanye nini?"

"Niachie mie. Ntakwenda kuvizika mbali, pasipo watu. Sitaki kitu, dua zako tu."

"Ahsante, mwanangu. Una moyo mweupe."

Akampa makatuni yote sita, akampa na kikombe cha chai ya maziwa. Ridhwan aliinywa bila ya haya, maana haya nayo ni mzigo, na siku ile tayari alikuwa na mingi ya kubeba.

Ridhwan alikuwa fundi wa redio, na karakana yake ilikuwa chini ya ngazi ya nyumba ya watu, mahali ambapo kila anayeshuka humwachia vumbi utosini. Alichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja: mlango. Mlango, kwa watu wa Mlandege, ni duka. Mwenye mlango huitwa bwana. Asiye nao huitwa "we fundi".

Mlango mtupu ulikuwapo mmoja tu, ubavuni mwa duka la Bwana Zakir, muuza vitambaa. Ulikuwa mtupu mwaka wa pili, na si kwa kukosa wapangaji. Bwana Zakir alikuwa akiogopa kijicho. Mpangaji wa mwisho aliyasifu marobota yake ya hariri bila ya kusema mashaallah, na wiki ile ile panya wakaingia robotani. Tangu hapo aliapa kwamba hapangishi mtu mpaka ajue moyoni mwake mna nini. Na nani ajuaye ya moyoni mwa mwenziwe? Ridhwan aliamua kwamba atayajua yeye, kwa msaada wa dubu.

Siku tano aliinama chini ya ngazi akikata, akiunga, akichomea nyaya kwa risasi. Dubu wa bati alibaki na ngoma yake, ila alipewa kichwa cha mwanasesere. Nyuma ya macho zikaingia taa nyekundu, na tumboni king'ora cha polisi. Ile sauti ya "mama" iliharibika katika kuungwa, ikatoka nzito na ya kuburura, kama ya mzee mwenye mafua aliyeamshwa usingizini. Ridhwan alitaka kuitengeneza, kisha akaona imependeza hivyo hivyo. Mwisho alitia roho yenyewe, kile kidude cha ndani ya kigari chekundu kinachopokea amri, na rimoti akaitia mfukoni mwa kanzu. Akibonyeza, dubu hupiga ngoma, macho huwaka, king'ora hulia, na ile sauti husema "maaama". Akakiita Kipima Hasadi.

"Kinafanya kazi vipi?" Bwana Zakir aliuliza, akikizunguka pale juu ya kaunta.

"Kijicho ni joto, Bwana Zakir. Linatoka machoni. Hiki kinalipokea."

"Na hiki kichwa cha mtoto?"

"Mtoto hana hasadi. Ndiyo maana huitambua haraka."

Bwana Zakir alitafuta la kujibu, akalikosa, na mtu akikosa la kujibu huamini. Wakakubaliana kwamba kipimo kitakaa dukani wiki moja. Kila anayeutaka mlango atasimama mbele yake, na atakayepita bila ya kelele, ufunguo ni wake. Ridhwan mwenyewe atakaa barazani, mkono mfukoni, kukiangalia kisipatwe na hitilafu. Yeye atapimwa wa mwisho, kwa adabu.

Wa mwanzo kuja alikuwa Bi Radhiya, muuza kanga wa ng'ambo ya pili ya njia. Alisimama mbele ya dubu, mikono kiunoni. Ngoma ikapigwa, macho yakawaka, king'ora kikalia. "Maaama."

"Hasidi hana sababu," alisema Bwana Zakir kwa huruma.

"Mie sababu nnayo," alijibu Bi Radhiya. "Duka lako lina kivuli tangu saa nane, langu mie naungua." Akajitanda kanga yake, akatoka.

Akafuata muuza mabati, kisha fundi cherehani kutoka Makunduchi, kisha jamaa wawili walioutaka mlango kwa shirika. Wote walililiwa. Kazi ilikwenda vizuri, na Ridhwan alishaanza kuchagua rangi ya kuupaka mlango wake.

Siku ya nne alikwenda kula. Aliporudi alimkuta Bwana Zakir kakunja uso.

"Wamepita watu saba humu, hakijalia hata mara moja."

"Si kheri hiyo?"

"Kheri gani? Kwani duka langu lina nini, halitamaniki?"

Hapo ndipo Ridhwan alipotambua kosa alilolifanya. Alidhani tajiri wa Mlandege anaogopa kuonewa kijicho. Kumbe kutokuonewa ndiko anakokuogopa zaidi. Toka saa ile hakupata raha tena. Ilimbidi abonyeze kwa kila mteja, kwa muuza kahawa, kwa mjumbe wa harusi, na mara moja kwa paka, kwa sababu Bwana Zakir alisema yule paka ana jicho. Kidole gumba kikavimba. Laghai mwenye kipaji chake alikuwa amegeuka kibarua, tena asiye na mapumziko, naye Bwana Zakir alikaa kitini amefumba macho, akiusikiliza ule ukelele kama mtu aliye tarabuni.

Siku ya sita Bi Savita aliingia kununua bitana. Dubu alilia. Bi Savita alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Ngoma hii nnaijua," alisema.

Ridhwan akachungulia kutoka barazani. "Wanafanana, Bi Savita. Dubu wa bati wote ni ndugu."

"Naam." Akautazama mfuko wa kanzu. "Na mkono huo una nini?"

"Baridi yabisi."

"Pole, mwanangu." Akachukua bitana yake akaenda zake.

Laghai mwenye busara angekusanya dubu wake wakati huo huo akaaga. Lakini Ridhwan alikwisha kuuona ufunguo, umening'inia msumarini nyuma ya kiti cha Bwana Zakir, na mtu aliyeuona ufunguo haoni kitu kingine.

Ijumaa baada ya sala, nusu ya Mlandege ilijaa dukani. Bwana Zakir alikuwa na ufunguo mkononi. Ridhwan alivuka kizingiti taratibu, mikono yote miwili ikiwa nje ya mfuko, ili kila mtu aione. Akasimama mbele ya dubu, akatabasamu.

Dubu akapiga ngoma.

Ridhwan akarudi nyuma, ikanyamaza. Akasogea, ikaanza upya: macho, king'ora, "maaama". Alijipapasa mfukoni. Rimoti ilikuwa imelala kimya, hakuna aliyeigusa. Kwanza alidhani waya zimegusana. Kisha likamjia wazo baya zaidi, wazo ambalo halijapata kumjia laghai yeyote mwenye akili timamu: huenda kinafanya kazi. Maana kweli alikuwa akiihusudu ile hariri, na kile kiti chenye mto, na milango miwili ya mtu mmoja. 

"Astaghfirullahi," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuwa akidanganya.

"Hata wewe?" Bwana Zakir alikuwa na huzuni, lakini furaha ilimzidi nguvu. "Fundi wake mwenyewe?"

Ridhwan alikuwa na njia mbili. Akisema kipimo ni uongo, yeye ni laghai mbele ya waliotoka msikitini. Akinyamaza, yeye ni hasidi.

"Kimeharibika," alijaribu.

"Kwangu mie kilisema kweli," alisema Bi Radhiya, "na nilikiri. Kiri na wewe."

"Nnakiri," alisema Ridhwan kwa sauti ndogo.

"Na mie nijaribu," sauti ikatoka nyuma. Watu wakampisha Bi Savita, na sari yake na mkoba wake alioushika kifuani. Akasimama mbele ya dubu. Kimya. Bwana Zakir akangoja, akainama, akamgonga dubu kichwani. Kimya.

"Hata kidogo, Bi Savita?" aliuliza, kwa kuumia. "Hariri hii iliyotoka Surati huioni?"

"Naiona. Mashaallah."

Ufunguo ukawa wake. Ama Ridhwan, wenye maduka walimhukumu pale pale: kila apitapo Mlandege, aseme mashaallah mbele ya kila mlango, kwa sauti ya kusikika, mpaka atakapopona. Wakati watu wanatawanyika Bi Savita alimshika kiwiko.

"Yale makatuni uliyonizikia, mwanangu," alimwambia kwa upole, "kayafukue."

Akayafukua. Wiki mbili baadaye, akiwa katika mizunguko yake ya mashaallah, alifika mbele ya duka jipya la vitu vya kuchezea. Watoto walijaa. Bi Savita alikuwa amekaa mlangoni, na mapajani mwake, juu ya sari, palikuwa na rimoti.

Ridhwan aliitazama mpaka akaelewa. "Bi Savita."

"Naam."

"Hiyo."

"Vigari vyekundu vile vilikuja na wimbi moja la redio vyote," alisema. "Rimoti hii ilibaki mkobani mwangu. Sikukuu ya Idi hapa ilikuwa vita. Mtoto huyu anabonyeza, gari la mwenzake linakwenda. Nimewaamua miaka arubaini, mie nisijue?"

Akabonyeza. Upande wa pili wa ukuta ngoma ikapigwa, king'ora kikalia, na Bwana Zakir akasikika akimwambia mteja, "Unaona? Wanakufa na kijicho."

"Mbona huachi?" aliuliza Ridhwan. "Mlango ushaupata."

"Jirani akiwa na furaha hapandishi kodi."

Ridhwan aliangalia ndani: rafu zilizojaa, feni inayozunguka, watoto wanaogombania dubu, na mlango uliopakwa rangi ya kijani, rangi ile ile aliyoichagua yeye akiwa barazani. Akameza mate.

"Hujasema, mwanangu," Bi Savita alimkumbusha.

"Mashaallah," alisema Ridhwan, na katika milango yote aliyoipitia asubuhi ile, huo ndio pekee uliolihitaji neno hilo.