Fomu Namba Themanini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Naanza na nililolificha, kabla pumzi haijanikatikia katikati ya sentensi. Ule mpango mkakati wa maktaba ya chuo, "Msomaji Kwanza", uliojengwa juu ya maoni ya wasomaji mia mbili na kumi na tatu, ni uongo mtupu. Maoni yote niliyaandika mimi, mkutubi mkuu. Mezani jikoni, kwa kalamu saba na mikono yote miwili. Miaka thelathini na moja sijamwambia mtu. Hata marehemu mke wangu alidhani nasahihisha mitihani.

Daktari amenipa miezi miwili. Kama kitabu cha kuazima, na hakiongezwi muda.

Kwa nini naandika leo? Amepiga simu Miwani, mkutubi mkuu wa sasa, zamani karani wangu. Ni mtu pekee anayenipigia, ukiacha binti yangu, anayepiga Jumapili. Wanaandaa mpango mpya. Siku hizi msomaji anaitwa mteja! Ijumaa ni uzinduzi wa kukusanya maoni, na fomu zangu za kale zitawekwa zote kwenye kabati la kioo mlangoni, kwa heshima yangu. Nikasema nimefurahi mno. Jasho lilinitoka hadi ndani ya soksi.

Jumanne, 4 Machi

Mwandiko si tatizo. Mwandiko niliubadilisha kwa ustadi. Tatizo ni kwamba majina niliyatoa kwenye droo ya kadi za waazimaji, nikayafuata kama yalivyopangwa. Fomu zina namba. Namba moja inaanza na A, ya mwisho na Z. Yaani watu mia mbili na kumi na tatu walichukua fomu kwa wiki mbili, kila mmoja kwa wakati wake, wakatokea kwa alfabeti! Mhasibu asingeona. Mkutubi ataona kabla hajavua koti. Wakati ule nilijaribu kuyachanganya. Mkono ulikataa.

Mbinu: kuziiba. Nimevaa suti. Ndani ya kikapu nimetia magazeti ya zamani, uzito uleule, niyaache badala yake.

Mlangoni mwa maktaba mlinzi akataka kitambulisho. Nikamwambia jina langu liko kwenye bamba juu ya kichwa chake. Hakugeuka hata kidogo. Alisema, "Babu, bamba si kitambulisho." Akaniandika daftarini: Mgeni. Sababu ya kuja: kupumzika. Sikumwambia hivyo!

Basi nikapumzika. Ngazi za stoo, zinakotunzwa fomu, zilinishinda. Saa tatu nzima nilikaa ukumbini na hakuna aliyenisemesha. Kimya kama cha kaburi. Kimya chenyewe nilikiagiza mimi: wasomaji wangu mia moja na arobaini walidai "utulivu kamili". Wengine thelathini na wawili walidai mkutubi mkuu anunuliwe kiti chenye mikono. Nilinunuliwa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefika stoo! Kupumzika mara nne njiani. Nikamwambia mama mtunza stoo kwamba nimekuja kukagua mchwa. Akasema mchwa walipigwa dawa Januari. Nikasema hao ndio wabishi zaidi. Akanicheka, akanipa kiti, akanigeuzia mgongo.

Sanduku tupu! Ndani kuna kikaratasi tu, mwandiko wa Miwani: Zimechukuliwa na Mkutubi Mkuu.

Sikuwa na nguvu za kurudi na mzigo. Mama akaona magazeti, akanishukuru sana kwa moyo wangu, akayagonga muhuri: ZAWADI. Yana mafumbo ya maneno niliyojaza mimi, nusu yake kwa makosa.

Alhamisi, 6 Machi

Miwani amekuja nyumbani. Shikamoo yake ilitangulia mlangoni, machungwa yakafuata. Nikaondoa makaratasi kwenye kiti cha pili. Kiti hicho hakijakaliwa tangu msiba.

Alikuwa na fomu zote kwenye begi. Alisema anajua. Anajua tangu mwezi wake wa kwanza kazini, nilipomwagiza azipange, akakuta zimeshapangwa. Akacheka hadi miwani ikamdondoka. "Mzee wangu, hata kudanganya umedanganya kwa alfabeti!" Nami nikacheka. Kifua kiliuma, lakini nilicheka.

Hataziweka kabatini. Hatamwambia mtu. Nilidhani yamekwisha. Kumbe bado.

Akauliza kama katika wiki zile mbili hakurudisha fomu hata mtu mmoja wa kweli. Nikasema hata mmoja. Akauliza namba themanini na nane imekwenda wapi, maana sanduku lina moja hadi mia mbili na kumi na nne, na hiyo tu haimo. Nikasema panya. Akavua miwani akaifuta, muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo.

Akaniachia fomu kumi za mpango mpya niwagawie majirani. Atapitia Jumamosi kuzichukua. Alisema kama kuna jambo nitakalokuwa nimelikumbuka, atakaa.

Ijumaa, 7 Machi

Miguu imevimba, uzinduzini sikwenda. Hakuna aliyepiga simu.

Majirani siwajui majina. Miaka kumi na miwili, ukuta mmoja! Nimejaza mwenyewe: Anayekohoa, Mama Pacha, Mwenye Redio. Tisa kati yao wanaomba mkutubi mkuu awatembelee wakutubi wastaafu nyumbani, walau mara moja kwa wiki. Wa kumi nimemfanya apinge, ili ionekane kweli.

Jumamosi, 8 Machi

Amekuja. Akapokea fomu amesimama, begi begani. Akapitisha kidole: Anayekohoa, Baba Mjengo, Fundi wa Ghorofani... Hakucheka. Akauliza kama kuna jingine. Nilifungua mdomo. Nikamwambia machungwa yalikuwa matamu. Akasema, "Haya, mzee," akaenda. Kiti cha pili nimekirudishia makaratasi.

Fomu namba themanini na nane ipo. Imo ndani ya kamusi, karibu na kitanda. Ndiyo pekee iliyorudi kwenye sanduku la maoni, na sikuthubutu kughushi nyingine yenye namba hiyo. Haina jina. Imeandikwa: "Nimekuja hapa kila siku kwa miaka miwili. Mkutubi anajua mahali pa kila kitabu, lakini hajawahi kuniuliza hujambo."

Mwandiko niliutambua wiki ileile Miwani alipoajiriwa. Tulifanya kazi meza kwa meza miaka kumi na tisa, na kila asubuhi nilimpa namba za rafu.