Lori Langu Linavuja, Mungu Ashukuriwe

Jumatatu, 3 Agosti

Lori linavuja tena. Mungu ashukuriwe! Nimelivujisha mwenyewe, lakini shukrani ni shukrani.

Niandike wazi. Fundi wa nozeli za dizeli pale Patacamaya ni doña Hilaria Tancara. Mjane. Mikono mipana, sauti ndogo. Mwezi wa tano nilimpelekea lori likivuja kwelikweli, dizeli inatiririka mpaka kwenye matairi. Akang'oa nozeli zote, akabadilisha washa, zile ringi za shaba, akakaza paipu, akaniambia niende salama, sitamhitaji tena kwa miaka kumi. Miaka kumi! Na anatabasamu! Nilirudi El Alto na shehena ya vitunguu, kifua kinaniuma.

Tangu hapo nina mbinu. Kabla ya kuingia mjini kuna kilima. Nasimama nyuma yake, nafungua boneti, nalegeza nati moja ya paipu ya nozeli. Kidogo tu. Nafika kwake nanuka dizeli, uso wa msiba.

Leo amenyunyiza unga juu ya paipu, aone palipolowa. Wakati wa kungoja huwa anaimba kwa chini chini. Mimi nakaa kando, kwenye kigoda. Ningengoja unga ule ulowe mpaka nizeeke! Akakaza. Halafu akatoa chupa ya rangi ya kucha mfukoni mwa aproni, akachora kamstari kekundu kutoka kila nati hadi kwenye paipu yake. Rangi ileile ya kucha zake! Kama hayo si mapenzi ni nini?

Dada yangu Petrona, ninayekaa kwake, amenitolea sahani uani. Ati nanuka kama kituo cha mafuta. Nimekula kwenye baridi nikiwa mwenye furaha.

Jumanne, 4 Agosti

Saturnino Poma! Nimepita Patacamaya na viazi, nikamkuta kwa doña Hilaria, amekalia kigoda changu, anakunywa uji wa mahindi mekundu. Lori lake jipya, halina hata mkwaruzo. Nikamuuliza linaumwa nini. Akasema haliumwi kitu, amepita kumjulia hali shemeji, kwani kusalimia watu siku hizi ni kosa?

Shemeji! Kila dereva wa barabara hii anamwita shemeji.

Sijawahi kuona ukosefu wa adabu kama huo. Kumwendea mwanamke wa watu kazini bila kitu kilichoharibika! Tena akachekacheka. Na doña Hilaria akamwongezea uji.

Jumatano, 5 Agosti

Balaa. Nimelegeza nati kwa majaribio hapa uani. Kamstari kamekatika vipande viwili! Nusu kwenye nati, nusu kwenye paipu, havionani. Anayetazama anajua mara moja kwamba nati imezungushwa na mkono wa mtu.

Nimekimbilia sokoni. Muuza rangi za kucha akaniuliza ni za mama au za binti. Nikasema ni za lori. Akasogeza kiti nyuma. Nikachagua nyekundu, nikakwangua kamstari ka zamani, nikachora kapya nati ikiwa imelegea vilevile, kamenyooka. Mkono wa fundi kabisa. Kwenye jua, hata hivyo, kanaelekea waridi.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimefika Patacamaya navuja vizuri. Gereji imefungwa! Mji mzima uko uwanjani. Sikukuu ya taifa. Nilikuwa nimeisahau nchi yangu.

Nikamwona akiandamana na chama cha mafundi. Sketi pana ya kijani, kofia ya duara imekaa upande, kidevu juu. Jamani. Nimewahi kupakia mizigo mizito, lakini huu wa leo kifuani sijui niushushie wapi. Nilitaka kumwita jina, jina tu, bila ile doña ya heshima. Nikaishia kumwita doña, tena kimoyomoyo.

Watu walinipisha kwa ajili ya harufu, kwa hiyo nilipata nafasi ya mbele. Ng'ambo ya barabara Saturnino anapiga makofi, amembebea shali. Mwalimu mmoja akaniomba nikasimame upande ambao upepo unaelekea. Nikaondoka. Nikakaza nati mwenyewe, kwa hasira.

Ijumaa, 7 Agosti

Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na mwezi wenyewe Agosti, ardhi ina njaa. Kwa doña Hilaria waliwasha makaa uani, wanamlisha Mama Ardhi kwa kumchomea pipi, majani ya koka na mafuta ya mnyama lama. Saturnino anamwaga pombe kwenye pembe nne. Nami huyo naingia, dizeli inatiririka.

Doña Hilaria akapiga yowe. Sikujua ana sauti kubwa vile. Simama hukohuko, utatuchoma sote, mwanamume gani wewe! Nikarudi nyuma, nikagonga pipa.

Akaja mwenyewe mpaka barabarani. Akafunua boneti. Akakaangalia kale kamstari ka waridi kwa muda mrefu. Akaniuliza kama nina binti. Nikasema sina. Akasema aha.

Akakaza. Akanieleza kwamba shingo ya paipu hiyo imechoka kwa kufunguliwa na kufungwa. Ikiguswa mara nyingine itapasuka. Halafu akafuta mikono kwenye aproni, akasema, nayaandika kama alivyoyasema: "Don Fortunato, Jumapili napika. Njoo ule. Panda basi. Lori liache nyumbani."

Akaongeza kwamba tangu mumewe afe sufuria imekuwa kubwa mno, na chakula cha jana hakina ladha.

Nalijua hilo la chakula cha jana. Nalijua sana. Nimemwitikia kwa kichwa kama mbuzi, nikaondoka bila hata kuaga.

Jumamosi, 8 Agosti

Furaha imeisha, sasa nina tatizo. Nikifika mlangoni nitasema nini? Mwanamume mikono mitupu, mikono safi, hakuna kilichoharibika. Ataniuliza nimefuata nini. Itabidi nijibu! Lori likivuja, injini inanisemea.

Nimemshirikisha Petrona. Amesema nibebe mkate na maua, niingie, niseme habari za hapa, nile, nishukuru, nikae. Basi. Akaniita punda. Petrona hajui mapenzi, ana watoto wanne tu.

Nimeamua. Naenda na lori. Nitalegeza robo ya mzunguko, tupate cha kuanzia mazungumzo.

Jumapili, 9 Agosti

Naandika ndani ya lori, nyuma ya kilima. Nimevaa suti.

Robo ya mzunguko tu! Shingo ya paipu ikalia ka! Nilipowasha, dizeli ikaruka mpaka kwenye tai. Injini imekufa.

Nikipanda kidogo kilimani, bati la nyumba yake naliona. Moshi wa jikoni naona unapanda. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini niende hivi, bila lori? Acha nisubiri mtu wa kunivuta, nifike kiheshima.

Saturnino akapita. Akasimama, akafungua mlango. Panda ndugu yangu, shemeji ametandika kitambaa, anachungulia barabarani kila basi likipita. Nikamuuliza shemeji gani. Akanishangaa. Shemeji! Mke wa marehemu kaka yangu, wewe ulidhani nani?

Nilishika mlango wa lori lake. Kweli nilishika. Nikauachia. Nikamwambia ampelekee salamu, amweleze kwamba nina tatizo kubwa la paipu. Alinitazama kama mtu anayetazama maiti. Akaenda.

Moshi umepungua. Sasa haupo. Ni mimi wa kulaumiwa na nataka kulia.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimelala ndani ya lori. Doña Hilaria amekuja mwenyewe asubuhi, kwa basi, amebeba paipu mpya na sahani iliyofungwa kwenye kitambaa. Hakusalimia. Akaniambia nile. Nyama ya nguruwe kwenye pilipili ya manjano, imeganda kwa baridi. Nilikula nimesimama, yeye kainama kwenye injini. Machozi yakanitoka. Nikasema ni pilipili. Akasema hakutia pilipili nyingi.

Lori likawaka. Hakuna tone. Ndipo akaichukua spana yangu ya kumi na saba, ile inayoingia kwenye nati zile, akaitia kwenye aproni. Akasema inakaa kwake. Nikiitaka, niifuate Jumapili yoyote, kwa basi, na yeye hataniuliza nimefuata nini.

Nilimtazama mpaka basi lake likapotea. Hataniuliza! Mwanamke huyu ananijua mpaka ndani.

Nimeendesha kasi mpaka El Alto, nimewahi duka kabla halijafungwa. Spana za kumi na saba zilikuwa zimebaki mbili. Nimenunua zote.