Kadi Tano na Mkia wa Kondoo

Jumatatu, 8 Oktoba 2012. Kakuma.
Emuria tena! Alirusha ndara zake za ngozi juu, zikaanguka zimepeana mgongo, akatangaza kwamba mbuzi wa jirani aliyepotea yuko upande wa Lorugum. Jioni mbuzi akarudi mwenyewe. Kutoka Lorugum! Sasa Jumamosi, tukienda Lodwar kumposea kijana wa mdogo wangu Lokwang, mkia wa kondoo atapewa Emuria kwa sababu yeye ndiye mwonaji. Mkia! Mafuta matupu! Mimi nitapewa shingo, kama kawaida.

Nikaenda kambi ya wakimbizi kununua ugoro dukani kwa Marie-Claire. Kando ya duka mwalimu Mkongo, Magloire, anacheza na watoto. Ana kadi tano zimejaa namba. Akaniambia niwaze namba moja, isizidi thelathini na moja. Nikawaza kumi na tisa, umri wa marehemu mke wangu siku aliponikubali bila kufikiri vizuri. Akanionyesha kadi moja moja, akiuliza kama namba yangu ipo au haipo. Kisha akasema kumi na tisa. Nusura nimeze ugoro.

Katoto kanaitwa Achol kakanicheka. Kakasema kadi zinaanza na moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, kila moja mara mbili ya iliyotangulia. Chukua namba za mwanzo za kadi zilizojibiwa "ipo", jumlisha, kwisha. Hakuna uchawi.

Afadhali. Uchawi una masharti mengi.

Nikaomba kadi. Magloire akakataa. "Papa, kwanza darasa."

Jumanne, 9 Oktoba.
Darasa. Watu watano kwenye mstari, kila mmoja na namba kifuani. Kusimama ni ndiyo, kuchuchumaa ni hapana. Nikadai kumi na sita. Mzee mzima siwezi kuwa moja! Tena nilidhani mkubwa ndiye husimama zaidi.

Tukahesabu kuanzia sifuri. Achol, ambaye ni moja, juu, chini, juu, kama mwanambuzi. Mimi nimechuchumaa. Tukafika tano, nimechuchumaa. Kumi na mbili, bado! Kumi na sita ilipofika, wote wakashuka, zamu yangu peke yangu kusimama. Magoti yakagoma. Achol na mwenzake mwenye mbili wakasimama kuniinua. Magloire akasema sasa tumekuwa kumi na tisa. Marehemu angecheka.

Kadi nimepewa.

Alhamisi, 11 Oktoba. Lodwar.
Nimefika kwa pikapu, mifupa yote inalalamika. Lokwang ana mpango. Atamwambia baba wa msichana, mzee Lomenen, kwamba ukame umemwachia mbuzi tisa tu. Wengine amewaficha kwa rafiki. Nani atamuuliza? Kwetu mtu haulizwi idadi ya mifugo yake. Ukiitaja kwa sauti, wanaanza kufa.

Nikamjaribu kwa kadi. Barua hawezi kusoma, lakini simu imemfundisha namba. Nikamwambia awaze namba. Akauliza namba ya nini. Namba tu! Akasema namba tu haipo, lazima iwe ya kitu. Nikamwambia Jumamosi awaze idadi ya kitu anachokipenda kuliko vyote.

Emuria akapita. Ejok, ejok, tukasalimiana. Akarusha ndara, akasema kuna mzee atakula mkia peke yake. Nikamwambia anamtazama.

Jumamosi, 13 Oktoba.
Ushindi! Karibu ushindi.

Lokwang alilia ukame vizuri sana. Mbuzi tisa! Lomenen akaanza kumhurumia. Kondoo akaiva. Nikaona Emuria anavua ndara. Nikaruka katikati na kadi zangu, nikatangaza kwamba nitaona kilicho moyoni mwa mtu yeyote. Mwa mdogo wangu, kwa mfano.

Kadi ya moja, akasema ipo. Ya mbili, ipo. Ya nne, haipo. Ya nane, ipo. Ya kumi na sita, ipo. Nikafumba macho, nikatetemeka kidogo, nikatamka: "Ishirini na saba!"

Lokwang akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Lomenen akauliza, polepole, ishirini na saba ya nini. Watu wote wakamtazama Lokwang. Nani hajui mdogo wangu anapenda nini kuliko vyote?

Mahari ikaanza upya. Kumi na wanane wakatolewa mafichoni. Bado Lomenen hakutosheka, na kwetu ndugu huchangia, kwa hiyo mbuzi wangu wawili wamekwenda pia, akiwemo yule mweupe wa maziwa. Lokwang alisema neno moja tu. "Kaka." Akahama alipokuwa ameketi, ukoo wote ukamfuata, wakakaa mbali nami.

Lakini Lomenen alifurahi mno. Akaamuru mkia wote nipewe mimi. Nikaula peke yangu. Emuria alikuwa anavaa ndara zake, anacheka.

Mkia ulikuwa mtamu.

Jumatatu, 15 Oktoba. Kakuma.
Nimeona kosa lilipokuwa. Kadi ni chache! Lomenen naye ana ngamia anaowaficha, na bila shaka wanazidi thelathini na moja. Nikiwataja mbele ya watu, Lokwang atanisamehe papo hapo. Nimemwomba Magloire kadi ya sita. Amesema sawa, lakini kwanza darasa, na mstari sasa utakuwa wa watu sita.

Nimeshamwambia thelathini na mbili ni mimi. Mkubwa kuliko wote. Safari hii sichuchumai.